Mtoto Mdogo na Vitu vya Nyumbani

Katika mazungumzo ya leo twapenda kusema na wazazi, na nyanya na babu wanaolea wajukuu, na walimu wa shule ya Jumapili, hasa wale waliokabidhiwa watoto wadogo kabisa, wa miaka mitatu hadi saba. Katika makanisa mengi darasa hilo hupewa mtu yeyote aliyekosa kazi nyingine, nasi twaona jambo hilo limegeuzwa juu chini. Kuhubiri kwa watu wazima ni kazi nyepesi zaidi. Mtu mzima asipoelewa mahubiri husinzia kwa adabu, lakini mtoto huinuka akaenda zake.

Kila mwalimu wa watoto amewahi kupewa shauri hili: tumia vitu. Chukua chumvi, chukua mshumaa, chukua yai, uwaonyeshe watoto, kisha uwaeleze Neno. Ni shauri jema, tena la zamani. Mwaka 1658 Comenius, askofu wa Ndugu wa Moravia, alitoa kitabu cha picha kwa ajili ya watoto, kwa maana aliona kwamba ni vigumu mtoto kushika neno kabla hajakiona kitu chenyewe. (Ndugu zetu wa Kanisa la Moravian huko Tanzania ni warithi wa kanisa lake.) Na mbele ya Comenius walikuwako manabii. Yeremia alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi, Amosi akaonyeshwa kikapu cha matunda. Naye Bwana Yesu mwenyewe alinena juu ya chumvi, taa, chachu na mbegu ya haradali, vitu ambavyo kila mama aliyemsikiliza alikuwa navyo nyumbani au shambani.

Lakini hapa, ndugu, yatupasa tusimame kidogo. Kuna njia mbili za kutumia kitu, na kwa mtoto wa miaka minne njia hizo si sawa hata kidogo.

Njia ya kwanza ni ya fumbo. Mwalimu anainua mshumaa na kuuliza, "Watoto, hiki ni nini?" Watoto wanajibu, "Ni mshumaa!" Wamejibu sawa. Mwalimu anasema, "La, huu ni Yesu." Kisha upepo unapita dirishani, mshumaa unazimika, na mtoto anarudi nyumbani kumwambia mama yake kwamba leo Yesu amezimika kanisani. Twacheka, lakini mtoto huyo hakufanya mzaha wala hakukosa usikivu. Alishika sawasawa kile alichoambiwa.

Mtaalamu mmoja wa Uswisi, Jean Piaget, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi watoto wanavyofikiri. Alionyesha kwamba mtoto wa chini ya miaka saba hivi hufikiri kwa yale anayoyaona na kuyashika. Mambo yasiyoonekana huyafikia baadaye, polepole, na wengi huanza kuyamudu vizuri wakaribiapo miaka kumi na miwili. Mwaka 1964 Mwingereza Ronald Goldman alitoa kitabu juu ya watoto na habari za Biblia, naye aliona jambo lilo hilo: wadogo hushika habari kama ilivyo kwa nje, na maana ya ndani huwapita. Hata hivyo sisi hatuhitaji kwenda Uswisi wala Uingereza. Twaweza kukaa na watoto jioni tukategeana vitendawili. Tega kile cha nyumba isiyo na mlango, na mtoto wa miaka mitano atapiga kelele, "Yai!" Lakini mwulize ni kwa nini yai huitwa nyumba, naye atakutazama tu. Alifundishwa jibu na dada yake. Kitendawili chenyewe bado hakijafunguka kwake.

Tena twasoma katika Mathayo 13 kwamba Bwana alipomaliza mfano wa magugu shambani, wanafunzi wake walimfuata nyumbani wakamwomba awaeleze maana yake. Hao walikuwa watu wazima, na walikuwa wakitembea naye kila siku. Ikiwa wao walihitaji kuelezwa, tusimshangae mtoto ambaye juzi tu ameacha kubebwa mgongoni.

Na kwa kuwa tumelitaja yai, acheni tuseme neno moja juu yake. Walimu wengi hulitumia kufundisha Utatu: ganda, ute na kiini, vitu vitatu katika yai moja. Lakini ganda si yai, na ute peke yake si yai. Ni vipande vitatu vya kitu kimoja, na Kanisa halikiri kwamba Baba ni kipande cha Mungu. Wengine hutumia maji, barafu na mvuke. Huko ni kurudi kwa Sabelio, aliyefundisha Roma katika karne ya tatu kwamba Mungu ni mmoja anayebadili sura mara tatu, na Kanisa likakataa mafundisho yake. Twajua kwamba mtoto wa chekechea hatakuwa mzushi kwa sababu ya yai. Lakini mwalimu asiliweke mbele kama jibu la fumbo lililowashinda wakuu wa Kanisa. Mtoto mdogo ataujua Utatu vizuri zaidi akiletwa kusimama karibu wakati mtoto mchanga anapobatizwa, ayaone maji, na alisikie jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Yai lipikwe.

Sasa tuseme juu ya jambo zito zaidi, maana katika hili twaweza kumjeruhi mtoto bila kukusudia. Wengi wetu tulifundishwa kwa kile kitabu kidogo kisicho na maneno, chenye kurasa za rangi tu. Kina historia ndefu. Mwaka 1866 mhubiri Charles Spurgeon alihubiri London juu ya kitabu cha kurasa tatu: nyeusi kwa dhambi, nyekundu kwa damu ya Kristo, na nyeupe kwa moyo uliotakaswa. Baadaye Mmarekani D. L. Moody aliongeza ukurasa wa dhahabu, kwa ajili ya mbinguni. Kitabu hicho kimezunguka dunia nzima, na hatuna shaka kwamba wengi wamemjua Mwokozi kwa njia yake. Twamshukuru Mungu kwa hao.

Lakini fikirini kidogo juu ya mtoto wa Kitui au wa Siaya aliyeketi kwenye benchi la mbele. Mwalimu ameshika kipande cha kaa la jiko. Anasema, "Moyo wenye dhambi ni mweusi hivi." Anasema, "Yesu akikuosha utakuwa mweupe." Tumekwisha kusema kwamba mtoto wa umri huo hushika jambo kama lilivyo kwa nje. Basi atashika nini? Atatazama mkono wake mwenyewe. Atatazama uso wa mama yake. Kisha atainua macho aitazame ile picha ya Yesu iliyotundikwa ukutani, ambayo katika makanisa mengi bado ni ya mtu mwenye nywele za rangi ya mtama. Hakuna aliyemwambia kwamba Mungu alikosea alipomwumba, lakini vitu vyote vitatu vimemwambia hivyo kwa pamoja, na mambo yaliyoonwa kwa macho katika umri ule hukaa miaka mingi.

Wala Maandiko hayatulazimishi kutumia rangi hiyo. Isaya, katika sura yake ya kwanza, alipotaka kuonyesha ubaya wa dhambi alitaja wekundu. Na bibi arusi wa Wimbo Ulio Bora hujiita mweusi naye ni mzuri. Walimu wengine siku hizi huuita ule ukurasa wa kwanza ukurasa wa giza, na hilo ni afadhali. Hata hivyo kuna kitu bora kuliko rangi zote, nacho kiko mlangoni mwa kila kanisa la mashambani wakati wa masika. Ni tope.

Tope humpata kila mtu, mweusi na mweupe. Watoto wakifika Jumapili na miguu iliyojaa tope, mwalimu na achukue beseni, maji na taulo. Afadhali zaidi mzee wa kanisa aje mwenyewe, au kasisi, apige magoti awaoshe wawili watatu. Mtoto amezoea kuoshwa na mama yake jioni. Hajazoea kumwona mzee anayeheshimiwa akishika kisigino chake. Wengine watacheka, na wengine wataficha miguu chini ya benchi. Hapo mwalimu awaambie kwamba Petro naye alikataa, kisha asimulie habari ya Yohana 13 kama ilivyo. Na miguu ikikauka, watoto waitazame. Tope limekwenda, na ngozi imebaki vile vile Mungu alivyoiumba.

Kuna mambo mengine mawili ya kuepuka, nayo tutayapitia upesi. La kwanza ni viini macho. Katika vitabu fulani vya masomo ya watoto mwalimu huambiwa atie dawa ya aidini katika glasi ya maji hadi yageuke hudhurungi, kisha amimine dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na maji hurudi kuwa safi. Watoto hushangilia sana. Lakini wanachokumbuka ni glasi ile, na mtoto wa miaka mitatu anayejua kwamba dawa ya chupa ile husafisha moyo aweza kuinywa siku mama akiwa kisimani. Tusilete mezani kitu ambacho mtoto akikiiga nyumbani kitamdhuru. La pili ni chakula. Mwalimu asimwage unga wala kuvunja mayai kwa ajili ya mfano mbele ya watoto ambao baadhi yao wamekuja bila kunywa chai. Watajifunza somo, lakini silo alilokusudia.

Basi njia ya pili ni ipi? Tufungue Yoshua sura ya 4. Israeli wamevuka Yordani, na Mungu anaagiza watu kumi na wawili wachukue mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto. Mawe yale yakasimamishwa Gilgali. Kwa ajili gani? Kwa ajili ya watoto wa baadaye watakaouliza habari zake, ili baba zao wapate kuwasimulia jinsi maji yalivyokatika. Katika Kutoka 12, kwenye agizo la Pasaka, ni vivyo hivyo: watoto watauliza habari ya ibada ile, nao wazee watajibu. Katika Kumbukumbu la Torati 6 twakuta mwana akiuliza tena.

Hebu tuangalie utaratibu huu. Kitu kinawekwa mahali mtoto anapopita. Mtoto anauliza mwenyewe. Mkubwa anajibu, na jibu lake ni habari ya jambo ambalo Mungu alilitenda. Jiwe halikugeuzwa kuwa kitu kingine. Liliendelea kuwa jiwe, lakini lilitoka mtoni siku ile, na mtoto aweza kulishika. Hakuna fumbo hapo la kumshinda mtoto wa miaka minne.

Twaweza kufanya hivi kwa mifano ya Bwana pia, tukichagua ile ambayo kitu kimo ndani ya habari yenyewe. Mmoja ambao twaupenda kuliko yote ni ule wa mwanamke wa Luka 15 aliyepoteza fedha. Alikuwa na sarafu kumi, na kila moja ilikuwa karibu mshahara wa kibarua wa siku nzima. Nyumba za watu wa kawaida wakati ule zilikuwa na giza hata mchana, kwa hiyo aliwasha taa, akafagia.

Mwalimu na achukue sarafu kumi za shilingi moja moja, azihesabu mkekani pamoja na watoto. Waimbe kabisa: moja, mbili, tatu. Kisha habari ianze, na katikati yake moja ipotee pembeni penye vumbi. Wahesabu tena. Tisa! Mwalimu asiseme neno. Awaulize, "Tufanye nini?" Watasema wenyewe kwamba itafutwe. Awape ufagio na tochi, awaache wafagie. Itakuwa vurugu, na vumbi litawaingia puani, lakini avumilie. Ikionekana watapiga kelele ambayo mhubiri ndani ya kanisa ataisikia, na hapo mwalimu asiwanyamazishe. Mwanamke yule aliita jirani, nao waite jirani. Wakitulia ndipo awasomee Luka 15, na awaambie kwamba Bwana Yesu alisema furaha kama hiyo iko mbinguni kwa ajili ya mwenye dhambi mmoja anayetubu.

Wala asiongeze kwamba shilingi ni wewe, ufagio ni mchungaji na tochi ni Biblia. Walimu wetu wana bidii sana ya kuongeza. Mtoto amekwisha kufurahi kwa mwili wake wote, na furaha ile itamngoja mpaka akili yake ikue kuifikia. Wengine huifikia mapema kuliko tunavyodhani. Katika parishi yetu mtoto wa miaka mitano, baada ya kufagia, aliuliza kama shilingi ilikuwa ikilia kule chini. Mwalimu wake, mama ambaye hakupita darasa la saba, alimjibu kwamba shilingi haiwezi kulia, maana haijui hata kwamba imepotea, ndiyo sababu mwenyewe alitoka kuitafuta. Sisi tuliosoma chuo cha theolojia tulikaa kimya.

Mbegu nayo ni nzuri, kwa sharti kwamba ipandwe kweli. Mbegu ya sukuma wiki ni ya ukoo mmoja na haradali, ni ndogo na ya mviringo, na yapatikana duka lolote la pembejeo. Kila mtoto apande mbili katika mkebe wenye matundu chini. Baada ya siku tano hadi kumi zitachipuka. Katika siku zile wengi watafukua udongo kila asubuhi waone mbegu imefika wapi, na hiyo ni nafasi njema ya kuwasimulia habari ya Marko 4, ya mkulima aliyelala na kuamka, na mbegu ikakua asijue ilivyokua. Na chumvi? Mama apakue maharagwe katika sahani mbili, moja bila chumvi, na mtoto aonje zote mbili. Kwa leo inatosha kwamba ulimi wake umeijua tofauti. Siku atakaposikia Mathayo 5, atakuwa na kitu cha kukumbuka.

Vitu vingine ni afadhali vingoje watoto wakubwa, wa miaka tisa au kumi, nao pia vijaribiwe kwanza. Mwalimu mmoja alitaka kufundisha Mathayo 22, pale Bwana alipoomba aonyeshwe dinari na kuuliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Akatoa shilingi mfukoni, akauliza, "Sura hii ni ya nani?" Darasa likajibu kwa sauti moja, "Twiga!" Ilikuwa sarafu mpya. Tangu Katiba ya 2010 sarafu zetu haziruhusiwi kubeba sura ya mtu, na zile zilizotolewa 2018 zina wanyama: twiga, kifaru, simba na ndovu. Mwalimu yule aliyefuata vitabu vya zamani angaliweza kukata tamaa, lakini alikuwa mwepesi. Aliwauliza, kama nchi yetu haikuweka sura ya mtu katika fedha, je, sura ya Mungu imewekwa wapi? Kukawa kimya. Kisha msichana mmoja akanyosha kidole akajigusa kifua. Mwanzo 1:27 ulisomwa baadaye.

Sasa turudi nyumbani, maana saa moja ya Jumapili ni kidogo sana. Kila nyumba ya Kikristo ina mawe yake ya Yordani, ila yamefungiwa sandukuni. Kuna cheti cha ubatizo cha mtoto, chenye tarehe na majina ya wadhamini. Kuna Biblia ya nyanya iliyopigwa mistari kwa penseli. Kuna kadi ya hospitali ya mwaka ule baba alipougua, na kanisa likaja kila jioni kuomba pamoja nanyi. Labda kuna jembe lililokwisha hadi likawa dogo kama kijiko, ambalo ndilo lililolipa karo. Mtoto hajawahi kuuliza habari za vitu hivi kwa kuwa hajawahi kuviona.

Basi wiki hii toeni kimoja tu. Kiwekeni mahali mtoto anapofika kwa urefu wake, juu ya stuli au kando ya redio, wala msimwite kuja kukitazama. Huenda siku ya kwanza apite tu, na ya pili pia. Akiuliza, mjibuni kwa habari fupi ya kweli, kama ilivyotokea, pamoja na jina la Mungu aliyewasaidia siku ile, na mwacheni akishike. Na akija kuuliza wakati maharagwe yanataka kuungua, epueni sufuria kwanza, kisha kaeni naye chini.